Turbo moja ikifa njiani, Masisi na Walikale zote zinalipa

Kipuri chenyewe kinabebwa kwa mikono miwili. Lakini kikiharibika ndani ya lori lililojaa maharagwe kwenye mlima wa kupanda Mushaki, au kwenye matope ya njia ya Nyabiondo kuelekea Walikale-centre, gharama yake inapita mbali bei inayotajwa dukani Goma. Juu ya bei hiyo inaongezeka barabara iliyoiharibu turbo, bariere ambazo kipuri kipya kitapita, na siku ambazo gari linakaa bila kazi. Ukijumlisha yote, jambo lililoonekana kuwa la fundi na mwenye gari linageuka kuwa jambo la kila nyumba inayonunua chumvi au kuuza viazi katika wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini.

Turbo inafanya nini, na kwa nini inakufa

Turbo ni pampu ya hewa. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limefungwa kwenye mhimili mmoja na lingine, ambalo linavuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mazutu yanaungua vizuri na nguvu inaongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Leo karibu kila lori jipya na jeep nyingi za mazutu zinatoka kiwandani zikiwa na turbo.

Mhimili wa turbo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Unazunguka juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio unaouzuia kugusa chuma kingine. Oili ikiwa chafu, ikichelewa kufika au ikiungua, mhimili unakwaruzika, unaanza kulia kama filimbi, kisha moshi wa buluu au mweusi unatoka nyuma ya gari. Dereva mzoefu akisikia mlio huo anajua kwamba safari imeingia mashakani.

Njia za Masisi na Walikale zina karibu kila kitu kinachoua turbo. Wakati wa jua, vumbi linaziba chujio la hewa, na chujio likipasuka mchanga unakwenda moja kwa moja kupiga mapanga ya gurudumu. Wakati wa mvua, lori linazama katika matope na dereva anakanyaga mafuta kwa muda mrefu gari likiwa limesimama, hivyo joto linapanda. Mazutu yanayouzwa na kina kadhafi ndani ya bidoni na chupa mara nyingine yana maji au uchafu. Oili ya bandia inauzwa katika mikebe inayofanana na ya kweli. Na kwa sababu oili ni ghali, wengine wanachelewa kuibadilisha.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Lori linapomaliza kupanda mlima, turbo inakuwa na joto kali. Injini inatakiwa iachwe ingurume polepole dakika moja au mbili ili oili iendelee kupita na kupoza mhimili. Lakini juu ya mlima mara nyingi kuna kamba iliyofungwa barabarani. Dereva anasimama, anazima mashini papo hapo ili asipoteze mazutu, na anashuka kwenda kujieleza. Oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kuwa kama makaa. Jambo hilo likirudiwa katika kila bariere, safari baada ya safari, turbo ambayo ingedumu miaka inachakaa kabla ya wakati wake.

Bei ya dukani ni mwanzo tu

Katika masoko ya dunia, turbo mpya ya asili ya jeep au lori inaweza kupita dola 1,000. Nakala zinazotengenezwa China zinapatikana kwa dola mia chache. Turbo iliyotumika, ambayo imetolewa katika gari kuukuu la Japani au imepitia Dubai, ni rahisi zaidi, lakini mnunuzi hajui ilizunguka miaka mingapi. Njia nyingine ni kubadilisha moyo wa turbo peke yake, yaani mhimili na magurudumu yake, na kubakiza nyumba ya nje. Kazi hiyo inataka fundi mwenye vifaa vya kupima usawa wa mhimili, na garaji zenye vifaa hivyo ni chache.

Kivu hakuna kiwanda cha kipuri hicho. Kinachouzwa Goma kimetoka baharini, kikapita Mombasa au Dar es Salaam, kisha mara nyingi kikapita kwa wafanyabiashara wa Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana na mafundi wa eneo lote la Maziwa Makuu. Kila mkono unaokipokea unaongeza faida yake, na kila mpaka unaongeza ushuru. Congo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa 7 mwaka 2022, na wafanyabiashara wengi walitumaini kwamba vipuri vingeshuka bei. Vita vya Kivu vilifanya matumaini hayo yabaki mbali.

Chukua mfano wa hesabu. Mwenye lori amenunua turbo ya nakala kwa dola 400. Fundi, oili mpya na machujio ni dola 100. Pikipiki ya kupeleka kipuri na fundi hadi mahali gari lilipokufa, pamoja na malipo ya njiani, ni dola 100 nyingine. Gari limekaa siku 15 bila kazi, na kama lingefanya kazi lingeleta dola 80 kwa siku: hapo zimepotea dola 1,200. Jumla ni dola 1,800, na kipuri chenyewe ni chini ya robo yake. Namba hizo ni za mfano tu, na kila mwenye gari anaweza kuweka zake. Lakini sura ya hesabu inabaki ileile: sehemu kubwa ya gharama ni muda na njia.

Hesabu hiyo haijaweka mzigo. Maharagwe yanaweza kusubiri siku 15, lakini nyanya, maziwa na ndizi mbivu haviwezi. Haijaweka pia mlinzi na konvoyeri wanaolala chini ya lori ili mzigo usiibwe, na chakula chao.

Kisha kuna turbo ya pili. Mara nyingi turbo mpya inakufa siku chache baada ya kufungwa kwa sababu kilichoua ya kwanza hakikutafutwa. Kama kimrija kinachopeleka oili kimeziba, au kama vipande vya mapanga yaliyovunjika vimebaki ndani ya mabomba, turbo mpya inakuja kufa kifo kilekile. Garaji yenye nafasi inasafisha yote kwanza. Fundi anayefanya kazi porini, mvua ikinyesha na mwenye mzigo akipiga simu kila saa, anafunga kipuri na kuomba Mungu.

Bariere zinakusanya, barabara haitengenezwi

Masisi ina ukubwa wa karibu kilometa mraba 4,700. Walikale ina zaidi ya 23,000, karibu asilimia 40 ya jimbo lote la Kivu ya Kaskazini. Kutoka Goma hadi Walikale-centre kwa kupitia Sake, Masisi-centre na Nyabiondo ni zaidi ya kilometa 200. Ni njia ya udongo, yenye madaraja dhaifu, milima inayoporomoka na sehemu ambazo wakati wa mvua lori linaweza kukaa siku kadhaa mahali pamoja. Zamani za ukoloni kila kipande cha barabara kilikuwa na kantonye wake aliyefungua mifereji na kuziba mashimo. Kazi hiyo ndogo ndiyo inayookoa barabara ya udongo, kwa maana maji yakikosa pa kupita yanageuza njia kuwa mto.

Mwaka 2008 serikali ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, unaopata pesa kutoka katika mafuta ya magari na malipo ya barabarani. Kwa hiyo anayenunua mazutu tayari anachangia barabara. Katika vijiji vya Masisi na Walikale lakini, barabara inatengenezwa mara nyingi kwa salongo: wakaaji wanatoka na majembe yao bila malipo, na mara nyingi bila hiari.

Upande wa pili, pesa zinazokusanywa njiani ni nyingi. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha IPIS cha Ubelgiji, pamoja na watafiti Wacongo, kilihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Zilisimamiwa na wanajeshi, polisi, idara mbalimbali za serikali na makundi yenye silaha. Katika sehemu zilizo mikononi mwa makundi hayo, wakaaji wamezoea hata jetoni, kikaratasi kinachothibitisha kwamba mtu amelipa kodi ya mwezi. Mwenye kukosa kikaratasi analipa tena, au anapigwa, au anafungwa.

Hapo ndipo hesabu ya turbo inaposhangaza. Lori linalipa kila linaposimama, na malipo hayo hayarudi barabarani. Barabara mbovu inaharibu lori, na lori lililoharibika linaleta malipo mapya: kipuri kinachopita bariere zilezile kwenda kuliokoa. Kwa mtu aliyeshika kamba, barabara mbovu ina faida pia, kwa sababu gari linalokwenda polepole haliwezi kumkimbia.

Vita vimekata njia vipande

Hali hiyo ilikuwapo kabla ya vita vya sasa, lakini vita vimeizidisha. Mwezi wa 2 mwaka 2024 mapigano yalifika kando ya Sake, mji mdogo ambako njia za Masisi na za Minova zinakutana. Mwisho wa mwezi wa 4 mwaka huo M23 ilichukua Rubaya, mji wa koltani. Tarehe 4 Januari 2025 iliingia Masisi-centre, kisha Sake tarehe 23, na mji wa Goma tarehe 27 ya mwezi huohuo. Tarehe 19 Machi wapiganaji wake waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa 4.

Kwa mwenye gari, kila tarehe kati ya hizo ilibadilisha njia ya kipuri. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, na mabenki ya mji yakafunga milango. Mfanyabiashara aliyekuwa anatuma pesa Dubai au Kampala kupitia benki alilazimika kutafuta njia nyingine, na kila njia ina mtu anayekata asilimia yake. Ndege ndogo zilizokuwa zikitoka Goma kutua Kilambo, kwenye kipande cha barabara kilichogeuzwa uwanja karibu na Ndjingala, zilikuwa kwa miaka mingi tegemeo la Walikale kwa bidhaa za haraka. Goma ikifungwa angani, tegemeo hilo linakatika.

Mstari wa mapigano ulipopita katikati ya wilaya hizi, kila upande uliweka watoza kodi wake. Bidhaa inayotoka upande mmoja kwenda mwingine inaweza kukutana na ushuru mara mbili, kila mmoja akikataa karatasi za mwenzake. Kwa Walikale, mlango mwingine ni barabara ya kitaifa namba 3, kutoka Bukavu kupita Hombo, Walikale na Lubutu hadi Kisangani. Lakini Bukavu nayo ilichukuliwa katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, na Kisangani iko mamia ya kilometa, ndani ya msitu.

Hata wenye uwezo mkubwa hawakuepuka. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin, inayochimba bati Bisie, ilisimamisha kazi na kuondoa wafanyakazi kwa sababu ya usalama, kabla ya kutangaza mwezi uliofuata kwamba itaanza tena hatua kwa hatua. Kampuni kama hiyo ina fundi wake, akiba ya vipuri na njia ya kungoja. Mwenye lori moja alilonunua kwa deni hana.

Kukimbilia injini isiyo na turbo

Wengine wanasema dawa ni kuachana na turbo. Ndiyo maana Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, mitungi sita, lita 4.2, bila turbo, imependwa sana na hospitali na mashirika ya misaada. Ina vitu vichache vya kuharibika na inavumilia mazutu mabaya kuliko injini za kisasa. Malori ya Fuso ya zamani yasiyo na turbo yanatafutwa kwa sababu hiyohiyo.

Lakini milima inadai haki yake. Goma iko kwenye meta 1,500 hivi juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita meta 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila meta 1,000, kwa hiyo juu ya Masisi inabaki na karibu sehemu nne kati ya tano. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Bila turbo, lori linapanda na mzigo mdogo zaidi, kwa gia ya chini, kwa muda mrefu zaidi.

Mafundi wengine wanaiziba turbo iliyokufa na kuliacha gari litembee hivyohivyo. Gari linafika, lakini likitoa moshi mweusi, likinywa mazutu mengi na kuchoka haraka, kwa sababu injini hiyo haikutengenezwa kufanya kazi bila turbo. Ni njia ya kufika garaji, si ya kuishi nayo mwaka mzima.

Wengi zaidi wamehamia pikipiki. Haina turbo, inapita pembeni ya lori lililozama, na kipuri chake kinapatikana kila soko. Ila pikipiki inabeba magunia mawili au matatu pale lori linapobeba mamia. Kila kilo inafika kwa bei ya juu, na tofauti hiyo inalipwa na mnunuzi.

Anayelipa mwishoni

Mwenye lori akipoteza dola 1,800, hazibaki kwake. Safari inayofuata anapandisha bei ya kubeba gunia. Mfanyabiashara anayekodi nafasi anapunguza bei anayompa mkulima wa Masisi, na anapandisha ile anayomtajia mama wa soko la Goma. Hivyo maharagwe, viazi na jibini ya Masisi vinaweza kuwa rahisi shambani na ghali mjini wiki hiyohiyo. Walikale, ambako mafuta ya ngazi na muhogo vinatoka, na chumvi, sabuni, sukari na nguo vinaingia, mkaaji anapoteza mara mbili: akiuza na akinunua.

Kuna gharama isiyohesabiwa kwa dola. Hospitali Kuu ya Masisi, ambayo kwa miaka mingi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, inapokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Mama aliyeshindwa kujifungua anahitaji kufika kwa saa chache. Gari likiwa limekufa na kipuri kiko upande wa pili wa mstari wa vita, kinachobaki ni pikipiki au tipoyi, vijana wanne wakibeba kwa mabega na kupokezana. Wengine wanafika wakiwa wamechelewa.

Kinachoweza kubadilishwa

Sehemu ndogo iko mikononi mwa madereva na wenye magari. Kubadilisha oili kwa wakati, kuchuja mazutu kabla ya kuyamimina, kutotumia chujio la hewa lililopasuka na kuacha injini ingurume kidogo kabla ya kuzima ni mambo ya gharama ndogo ukilinganisha na turbo moja. Wenye malori wa njia moja wakiungana wanaweza kuweka akiba ya pamoja ya vipuri Masisi-centre na Walikale-centre, ili fundi asisubiri Goma kila mara.

Sehemu kubwa iko kwa wenye mamlaka, wawe wa upande gani. Mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 kati ya Congo na Rwanda, na tamko la Doha la tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na AFC/M23, yalizungumzia kusimamisha vita. Mwenye lori atayapima maandishi hayo kwa kipimo rahisi: idadi ya kamba kati ya Sake na Walikale, na kama kile anacholipa kinarudi kama changarawe, mfereji au ubao mpya wa daraja. Kila anayekusanya pesa barabarani, kwa jina lolote, anaweza kuulizwa swali hilo hilo moja: ni kilometa ngapi umetengeneza kwa pesa hizi?

Kantonye kwenye kila kipande, wakilipwa, wangegharimu kidogo kuliko turbo zinazokufa kila msimu wa mvua. Na lori litakalopanda Mushaki bila kuzimwa ghafla mbele ya kamba litaanza kulipa faida hiyo siku ileile, likiwa na mzigo wake juu na mashini yake nzima.